Zege la Jumapili

Orval Mikkelsen alipotangaza kwamba anajenga uwanja wa mpira wa kikapu nyuma ya nyumba yake, alisema ni kwa ajili ya wajukuu. Mji mzima wa Eldred ukaitikia kwamba naam, ni kwa ajili ya wajukuu, kisha ukaenda kuyasema yake majikoni. Wajukuu wake, watoto wa mabinti zake, walikuwa wanaishi mbali, Idaho na Arizona, na mpira hawakuujali. Aliyekuwa karibu ni mmoja tu, binti wa Thayne. Na Thayne mwenyewe, kitinda mimba wa Orval na mwanawe pekee wa kiume, ndiye hasa aliyekuwa anajengewa uwanja. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa Thayne, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na baba yake hakuwa mtu wa kusema maneno ya aina hiyo.

Ugomvi wao ulikuwa wa zamani, na ulianza kwa jambo ambalo watu wa bonde lao la Sanpete hawaoni kuwa dogo. Thayne alikuwa bado yuko shule, ana mkono wa ajabu, mpira akiurusha unajua wenyewe pa kwenda, timu moja ya jiji la Salt Lake ilipomwita kwenye mashindano. Mechi mbili kati ya hizo zilikuwa za Jumapili. Nyumbani kwa Mikkelsen, Jumapili ilikuwa ya kanisa, chakula na usingizi wa mchana; mpira ulifungiwa stoo Jumamosi jioni na ufunguo ukakaa mfukoni mwa Orval. Kijana akaomba ruhusa mezani, mbele ya dada zake, na akaja na maandiko yake. Akasema hata Bwana aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa.

Orval akamjibu kwa msemo ambao wazee wa bonde lile wanaupenda kuliko maandiko yenyewe, kwamba ng'ombe anayetumbukia kila Jumapili, ama muuze, ama kifukie kisima. Mabinti wakacheka. Thayne hakucheka. Alikwenda kwenye mashindano bila ruhusa, na aliporudi alikuta goli lake, lililokuwa limepigiliwa kwenye ukuta wa banda la batamzinga, limeng'olewa kwa mtaimbo na kutupwa kwenye magugu.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini Orval alikuwa amejikwaa vyote viwili. Kabla mwaka haujaisha kijana alihamia Salt Lake, akaacha kanisa, akasomea uuguzi, akaoa, akapata mtoto wa kike aitwaye Wren. Kila Siku ya Shukrani alikuja na familia yake, akala, akasaidia kuosha vyombo, akaaga kabla giza halijaingia. Hawakuwahi kugombana tena. Alimwita baba yake "Baba", alimshikia mlango, alimuuliza habari za magoti yake. Adabu hiyo ndiyo iliyomuuma Orval, maana alijua mwanawe anawatendea hivyohivyo wagonjwa asiowajua.

Basi mwaka ule Orval alipoacha kufuga batamzinga na banda likabomolewa, palibaki kiwanja kirefu kitupu nyuma ya jiko, na mzee akapata wazo. Akaagiza nguzo ya chuma, goli zuri la kioo, na vigae vya plastiki vya rangi ya buluu, vile vinavyobanwa kimoja kwa kingine juu ya sakafu ya zege ili mchezaji asiumize magoti. Vigae vikaja kwenye maboksi, akavipanga gereji mpaka gari likakosa pa kulala. Jioni alikuwa anafungua boksi moja, anavitazama, analifunga tena. Alikuwa na furaha kama mtoto, na akaificha vibaya.

Mkewe Verlene alimwacha aendelee mpaka kokoto zilipomwagwa. Ndipo siku moja, akimenya pichi za kusindika kwenye chupa, alimuuliza bila kuinua macho.

"Uwanja nauona, Orval. Siku ya kuuchezea umeiweka wapi?"

"Juma lina siku nyingine sita."

"Lako wewe. Thayne siku zote hizo yuko wodini, ukiacha Jumapili. Na wewe unajua."

Orval alijua. Akasema magoti yanamsumbua, akatoka nje kwenda kupima usawa wa mbao za kingo ambazo alikuwa amekwisha kuzipima asubuhi. Hiyo ndiyo tabia ya mtu mwenye kichwa kigumu na moyo laini: anajenga mlango halafu anasimama mbele yake.

Kazi yenyewe alimpa Lamont Tuttle, fundi zege wa pale mjini, lakini katika Eldred hakuna anayemwaga zege na fundi peke yake. Orval alitaja kanisani kwamba lori litakuja Jumamosi, na mikono ikainuliwa benchi hadi benchi. Awali lori lilipangwa lije asubuhi na mapema. Kisha mtu akakumbuka kwamba asubuhi hiyo kuna ubatizo wa mtoto wa akina Beckstead, na baada ya ubatizo kutakuwa na keki, na nani atakosa keki ya akina Beckstead? Orval akapiga simu kwenye kampuni ya zege, akaomba lori lije alasiri. Kila mtu alisifu mpango huo. Walihesabu mikono, walihesabu makoleo, walihesabu hata mabakuli ya chakula, na katika watu wote wale wenye akili zao hakuna aliyehesabu saa.

Alasiri ile ya Septemba, lori lilipogeuza kinyumenyume kwenye njia ya banda la zamani, wanaume walikuwa wamesimama kandokando ya kiwanja wakiwa na mabuti ya mpira hadi magotini, wengi kuliko kazi ilivyohitaji. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa nusu saa ya kwanza chombo kilikwenda mrama kwelikweli. Mmoja alivuta zege kushoto, mwenzake akalirudisha kulia, na Askofu Rigby, ambaye, kama maaskofu wote wa kanisa lao, halipwi mshahara na siku sita za juma ni daktari wa meno, akakanyaga nondo akazama hadi kwenye kifundo cha mguu. Lamont akawatoa nje nusu yao kwa upole, akawaambia walinde kingo. Walilinda kingo kwa bidii kubwa, mikono kiunoni, wakisimuliana mavuno ya alfalfa, majani ya kulishia mifugo.

Jua lilipoanza kushuka, sakafu ilikuwa imelala, kijivu na nyororo, na nguzo ya goli imesimama wima kwenye kichwa chake. Akina mama wakaleta viazi vya kuoka na jibini, vile wanavyopika kwenye misiba, na jeli ya kijani yenye karoti ndani, na watu wakala wamesimama. Orval hakuweza kula. Alizunguka uwanja wake akiwa na sahani mkononi, na mara mbili Verlene alimwona anajipangusa macho kwa kisingizio cha vumbi, wakati vumbi lote lilikuwa limelowa.

Lamont alikuwa anaosha miiko yake kwenye ndoo aliposema, kama mtu anayeongea na ndoo, kwamba kesho asubuhi lazima sakafu ikatwe.

Lamont akaeleza kwa wasiojua. Zege ni kama samaki, hukunjwa lingali bichi. Likikauka linajivuta, na likijivuta litapasuka. Fundi analoweza kufanya ni kulichagulia mahali pa kupasukia, kwa kukata mistari iliyonyooka kwa msumeno, lisije likajichagulia lenyewe. Kwa baridi ya usiku wa Septemba, wakati wake ni kuanzia jua linapochomoza mpaka kama saa nne. Baada ya hapo ufa utapita unapotaka, na vigae juu yake vitacheza kama meno mabovu. Lingemwagwa asubuhi, alisema, jioni hii hii tungekuwa tunakata.

"Kesho ni Jumapili," akasema Askofu Rigby.

"Ndiyo," akasema Lamont. "Nilidhani Ndugu Mikkelsen ana mtu."

Na Ndugu Mikkelsen alidhani Lamont ana mpango. Wakatazamana. Katika bonde lile lote, kwa urefu na mapana yake, misumeno ya zege ilikuwa mingi, na wenye misumeno wote walikuwa watu wa kanisa. Lamont akajitolea kuja Jumatatu, saa sita usiku na dakika moja, akasema hata taa atakuja nazo. Alikuwa anasema kweli, masikini. Lakini zege halisomi kalenda.

Askofu, mtu mwema, akamkumbusha Orval lile neno la ng'ombe na kisima. Alisema haya ndiyo mambo ambayo Bwana aliyaruhusu, na yeye kama askofu hatamnyooshea mtu kidole. Orval akatikisa kichwa. Angewezaje yeye, kati ya watu wote, kusimama na kusema kwamba ng'ombe wake ametumbukia? Watu wengi pale walikuwa wanaukumbuka ule msemo na siku ulipotumika. Angekata kesho, angekuwa amemfukuza mwanawe bure. Akasema bora lipasuke.

Ndipo Askofu, kwa wema uleule, akasema, "Una kijana Salt Lake. Aliwahi kufanya kazi na Lamont likizo mbili, anaujua msumeno. Na kwake yeye Jumapili si kitu."

Kila mtu akaona hilo ni jambo la busara. Hata Lamont aliitikia kwa kichwa, akasema atauacha msumeno na petroli yake. Ni watu wapole, na upole wao haukuona ubaya wowote katika kumtafuta aliyekwisha kupotea aje awafanyie kazi ya siku ambayo wao wanaogopa kuifanya. Orval naye hakuuona. Aliona tu sakafu yake, nyororo, na ufa ukipita katikati.

Alipiga simu akiwa amesimama jikoni, bado ana tope kwenye suruali. Alieleza yote moja kwa moja: lori, ubatizo, saa nne, msumeno. Hakusema uwanja ni wa nani. Akamalizia kama alivyofundishwa pale kwenye kingo, kwamba amemfikiria yeye kwa kuwa kwake Jumapili si kitu.

Kisha Thayne akasema kwa sauti yake ileile ya adabu, "Kwa hiyo dhambi yangu imepata kazi."

Thayne akamuuliza kama kuna maji ya kutosha nje, maana msumeno ule hukatia majini, akasema atafika mapema, akaaga. Verlene, aliyekuwa amesimama karibu na friji na kusikia upande mmoja tu, aliusoma upande wa pili kwenye uso wa mumewe. Alimvulia buti.

Asubuhi Thayne alifika kabla chai ya majani ya mnanaa haijachemka. Kwenye gari lake mlikuwa na chupa ya kahawa, na kwa kuwa kanisa lao linakataza kahawa nayo haiingii nyumba ile, aliinywea nje, ameegemea boneti, akiitazama sakafu. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka. Orval aliliona hilo kupitia dirisha la jikoni, huku akifunga tai, na likamchoma kuliko alivyotegemea. Kijana ambaye yeye alimng'olea goli alikuwa na nywele kama nyasi.

Walisalimiana. Lamont alikuwa ameacha mistari imepigwa kwa kamba ya chaki, mmoja mrefu na mingine ya kukatisha. Thayne alichutama, akakwaruza zege kwa ukucha, akasema liko tayari. Alihitaji mtu wa kushika bomba la maji mbele ya msumeno, lakini hakuomba. Alilifunga bomba kwenye mpini kwa waya, likawa linapiga maji ovyo huku na huko, akavaa miwani, akavuta kamba ya injini.

Nyumba ya Mikkelsen iko mtaa mmoja na kanisa. Sauti ya msumeno wa zege Jumapili asubuhi katika Eldred ilikuwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Watu walipita barabarani wakiwa na watoto wao waliochanwa vizuri, wakageuza shingo, wakamwona mwanamume aliyelowa hadi mapajani, peke yake, akirudi kinyumenyume na mashine inayopiga kelele. Wengine walimpungia mkono. Wengine walishusha sauti na kuwaeleza watoto wao jambo.

Orval alikuwa amesimama kando ya gari, shati jeupe, maandiko kwapani. Siku hiyo alikuwa na zamu ya kufundisha darasa la wazee. Verlene alikwisha kuingia, mkoba mapajani. Askofu Rigby alipita na gari lake dogo, akapunguza mwendo, akashusha kioo. Aliutazama uwanja, akatabasamu kwa moyo mweupe kabisa.

"Nafurahi umepata mtu, Ndugu Mikkelsen."

Orval akafungua kinywa amshukuru. Akalisikia lile neno likimzunguka kichwani: mtu. Umepata mtu. Kama anavyopatikana mtu wa kuzibua choo. Na aliyemtafuta mtu huyo, aliyemwita kwenye simu kwa kinywa chake, alikuwa ni yeye.

"Sikupata mtu," akasema. "Huyu ni mwanangu."

"Najua, Ndugu, nilikuwa na maana..."

"Nilimwita aje abebe Jumapili yangu. Wewe uliniambia, na mimi nikakubali. Tumekosea wote wawili, ila wewe si baba yake."

Askofu hakuwa mtu wa kisirani. Uso ulimwiva, akaitikia kwa kichwa polepole na kuondoka. Orval akainama dirishani kwa mkewe. Verlene alikuwa tayari anahamia kiti cha dereva, akivuta sketi yake isinaswe kwenye gia.

"Darasa lako?" akauliza.

"Wasomeane wenyewe."

"Niwaambie unaumwa?"

"Waambie niko wapi."

Akamkabidhi maandiko na tai. Verlene alivipokea, akaliwasha gari, na alipofika barabarani akapiga honi mara moja, kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani mwake.

Orval akaingia kwenye tope na viatu vyake vya kanisani. Akafungua ule waya, akalishika bomba, akaelekeza maji pale jino la msumeno linapouma. Thayne alimtazama kupitia miwani iliyotapakaa tope la kijivu. Hakuzima mashine. Walikwenda hivyo mstari baada ya mstari, mmoja akirudi nyuma, mwingine akimfuata kwa maji, na kwa kelele ile hapakuwa na haja ya kuzungumza, jambo ambalo liliwafaa wote wawili. Magoti ya Orval yalimlilia. Shati jeupe lilikuwa limekwisha kuwa la rangi ya punda.

Mstari mmoja ulipobaki, Thayne alizima mashine. Kimya kilipokaa sawa, kutoka kanisani ukasikika wimbo, watu wote wa mtaa wakiimba, na kinanda kikiwa nyuma yao kidogo kama kawaida.

"Hujachelewa, Baba. Ukienda sasa hivi utawakuta. Huu mmoja namalizia."

"Nipe msumeno."

"Magoti yako..."

"Thayne. Nipe msumeno."

Thayne akampa, akamwonyesha pa kushika, akachukua bomba. Orval akavuta kamba, ikakataa, akavuta tena. Mashine ilipoamka ilimrusha mabega. Akaishusha juu ya chaki, akaanza kurudi nyuma, meno yameumana, na watu wakiimba, na kwa muda wote ule alijua kwamba kila aliye ndani ya kanisa anamsikia, na anajua sasa ni nani. Aliogopa. Lakini hakuachia mpini mpaka alipofika ukingoni.

Thayne akasogea, akauchungulia mstari kwa jicho moja kama fundi.

"Umepinda," akasema.

"Nimeuona."

"Hapa katikati. Umepinda sana."

"Umepinda. Lakini huo nimeukata mimi."

Thayne hakuinua kichwa. Alikaa amechutama pale, mkono juu ya zege lenye maji, muda mrefu kuliko mstari ulivyohitaji kukaguliwa. Alipozungumza, ile sauti ya wodini ilikuwa imemtoka.

"Huu uwanja ni wa nani, Baba? Mama hataki kuniambia."

Orval alitaka kusema wa wajukuu. Alikuwa amelizoea hilo jibu, lilikuwa limekaa ulimini.

"Wako," akasema. "Nilikutaka uje. Sikujua njia nyingine ya kukuita."

"Mimi ninapumzika Jumapili tu."

"Najua. Niliambiwa kabla zege halijamwagwa, nikaenda kupima mbao."

Thayne akacheka, kicheko kifupi, kisha akaigeuzia uso nguzo ya goli na kujifuta kwa mkono wenye tope, akajipaka zaidi. Orval hakumsogelea. Alisubiri, maji ya bomba yakimtiririkia viatuni. Wimbo kanisani uliisha. Mtu mmoja akaanza kuomba, sauti ndogo isiyosikika maneno.

Mwishowe Thayne akasema kwamba Wren anarusha kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemfundisha, kazaliwa nao. Akauliza vigae vitachukua muda gani kubanwa.

"Watu wakiwa wawili, jioni moja," akasema Orval. "Jumapili ijayo kanisa linatoka saa tano. Mama yako atapika. Saa sita nataka mpira uwe umejaa upepo."